Vijisanduku Kumi na Viwili

Muthubanda alipima betri ya gari lake la umeme kila siku ya mwezi mpevu, asubuhi, kabla mkewe hajarudi kutoka hekaluni. Siku hiyo vijiji vyote vya milimani hupumzika, na mkewe, Bisomenike, huvaa nguo nyeupe na kwenda kusali mpaka saa nne. Mzee alikuwa na nafasi ya kujifungia ndani ya gari lake mwenyewe kama mwizi. Alichomeka kidude chake chini ya usukani, kidude kidogo kama kiberiti, akafungua simu, akangoja. Simu ikisoma, aliandika kwenye daftari la shule: tarehe, halafu namba.

Namba ile ilikuwa afya ya betri. Betri mpya ni mia. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulianza na themanini na mbili, maana gari lilikuja Sri Lanka likiwa limeshatumika kwa watu wengine. Baada ya hapo zilifuata sabini na tano, sitini na nane, sitini, hamsini na nne. Miaka minne ilikuwa imeshuka mlima ukurasa kwa ukurasa, na asubuhi hii simu ilisoma arobaini na tisa.

Muthubanda aliitazama muda mrefu. Chini ya nusu. Hata akilichaji usiku kucha mpaka lijae pomoni, lilikuwa linajaa nusu tumbo.

Laiti ingekuwa namba tu. Miaka minne iliyopita, kwenye sherehe za mwaka mpya, wakiwa wameuzunguka wali wa maziwa ya nazi, binti yao Ishari aliwasihi kwa machozi waiache nyumba ya juu, wahamie kwake Gampola, mjini, chini ya mlima. Chumba cha nyuma kilikuwa tayari, na dirisha lake linaangalia mto. Bisomenike alimjibu mbele ya wote, "Siku gari litakaposhindwa kupanda, tutashuka." Watu wakacheka. Gari lilikuwa jipya machoni mwao, likipanda kimya kama paka.

Mwaka wa foleni za mafuta ndio uliomharibu Muthubanda kabisa. Majirani walilala siku tatu barabarani wakingoja petroli, naye akawapita na dirisha wazi, mkono nje, akiwapungia. Walimtukana kwa upendo. Hakuna mwanamume wa miaka sitini na saba aliyewahi kutembea na kifua mbele namna ile.

Sasa kifua kilikuwa kimeingia ndani. Kuificha siri ya lile daftari ilikuwa kazi nzito kuliko kulima. Tairi la akiba alilitoa kupunguza uzito, akalificha bandani kwa kuku. Feni hakuwasha tena, hata jua likichoma bodi. Alipanda taratibu mno, malori ya majani ya chai yakimpigia honi na madereva wakichomoza vichwa: "Mzee, shuka usukume, utafika mapema!" Kila Jumamosi walipotoka Kandy kuuza pilipili manga na karafuu za Bisomenike, alisimama kwa Ishari kuchaji, akisingizia chai. Kikombe kimoja kikawa viwili, viwili vikawa chakula cha mchana. Alirudi nyumbani amechoka mpaka meno.

Yote hayo ili Bisomenike asiondoke kwenye nyumba yake. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Lakini dashibodi haikuweza kufichwa. Pembeni yake kulikuwa na safu ya vijisanduku kumi na viwili vya mwanga vinavyoonyesha afya ya betri, na kila baada ya miezi kadhaa kimoja kilizimika. Muthubanda aliamini Bisomenike haijui ile namba, lakini vijisanduku alivihesabu.

"Vimebaki vingapi, Baba Ishari?"

"Si unaviona?"

"Naona sita. Nilidhani ni macho yangu."

Kesho yake Muthubanda alishuka peke yake Gampola kwa Chamod, mtoto wa dada yake, aliyekuwa na karakana ya magari ya umeme nyuma ya kituo cha reli.

"Mjomba, hii betri haiumwi," Chamod alisema, akifuta mikono. "Imezeeka. Uzee hauna dawa."

"Sikukuuliza dawa. Nimekuuliza vijisanduku. Vinaweza kuwaka tena?"

Chamod akaangua kicheko. "Kumbe na wewe mjomba! Hiyo michezo ni ya madalali. Nafuta kumbukumbu ya kompyuta, inadhani betri ni mpya, inawasha vyote kumi na viwili. Wiki tano, sita, inajifunza upya, vinaanza kuzimika. Haya niambie, unamuuzia nani?"

"Mke wangu."

"Unamuuzia aunti gari mnalopanda wote wawili?"

"Namuuzia usingizi. Fanya kazi, acha mdomo."

Chamod aliacha kucheka. "Sawa. Ila ujue, nikifuta nimefuta. Hata simu yako itasoma uongo. Hutajua tena betri ina kiasi gani kweli."

"Nina daftari."

"Daftari halikwambii umebakiza kilomita ngapi, mjomba."

Muthubanda alirudi na vijisanduku kumi na viwili vinawaka kama meno ya bibi harusi. Bisomenike aliinama dirishani, akavitazama kimoja kimoja.

"Ehee! Limezaliwa upya?"

"Chamod amelisafisha."

"Amelisafisha," mkewe alirudia polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. "Basi Jumamosi tutawasha feni."

Na Jumamosi ilipofika wakawasha feni. Ilikuwa raha. Muthubanda aliendesha mpaka Kandy kama mtu wa miaka hamsini, akayapita malori mawili, na honi akapiga yeye. Waliuza karafuu, wakanunua mchele kilo ishirini, wakaanza kurudi. Kwa Ishari walikuta umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Wakanywa chai kwa vipande vya sukari guru, wakangoja, umeme usirudi. Mvua ikaanza.

"Laleni hapa," Ishari alisema.

"Kwa nini tulale?" Muthubanda akamwonyesha dashibodi. "Soma mwenyewe. Kilomita thelathini na nane zimebaki. Nyumbani ni kumi na tisa."

Akaisoma ile namba kwa sauti, na kwa kuisoma kwa sauti akaiamini. Alisahau kwamba iliyoiandika ni kompyuta aliyoilewesha yeye mwenyewe.

Walipanda. Wiper zikifuta, taa zikiwaka, feni ikipuliza ukungu kwenye kioo. Kila kona ilikula kilomita tatu, nne. Thelathini na nane zikawa ishirini, ishirini zikawa kumi na moja, na bado walikuwa hawajafika kwenye kona ya Buddha, pale sanamu ndogo inapokaa ndani ya kisanduku cha kioo kando ya barabara. Hapo Bisomenike alikuwa na desturi, kwa miezi minane sasa. Kila Jumamosi alishuka, akaweka ua, kisha akapanda kwa miguu kwenye ngazi za shamba la chai, mumewe akamkuta juu.

"Nishushe hapo," alisema.

"Leo mvua."

"Mvua haijawahi kuniua. Nishushe."

"Vijisanduku kumi na viwili, Mama Ishari! Kaa kwenye gari lako kama malkia."

Bisomenike alimtazama, akavitazama vijisanduku, akaupakata mfuko wake. "Haya. Nakaa."

Mita mia mbili mbele, picha ya kobe wa njano, ishara ya betri iliyoishiwa, iliwaka kwenye dashibodi. Gari likapoteza nguvu, likatambaa, likashindwa hata kutambaa. Muthubanda akavuta breki ya mkono. Vijisanduku vyote kumi na viwili viliendelea kuwaka, bila aibu.

"Ni kobe?" Bisomenike aliuliza.

"Ni kobe."

"Nikishuka na huu mchele, litapanda kama siku zote?"

Muthubanda aligeuka. "Kama siku zote vipi?"

"Baba Ishari, unadhani nampenda Buddha wa barabarani kuliko wa hekaluni? Nina kilo sitini na nane. Nilikuwa nazipandisha kwa miguu yangu."

Damu ilimpanda mzee kichwani. "Ulijuaje?"

"Tairi liko bandani. Kuku wanalitagia."

"Na daftari?"

"Unalificha chini ya gunia la karafuu. Karafuu anauza nani?"

Alitaka kugomba. Alifungua mdomo kabisa, miaka minne yote ikiwa imejaa humo. "Na ukanyamaza! Mimi nasota na jua, natukanwa na madereva wa malori, na wewe unajua!"

"Wewe mbona ulinyamaza?"

"Kwa ajili yako! Nyumba yako, pilipili zako..."

"Pilipili zangu zinachumwa kwa ngazi. Mara ya mwisho umeniona juu ya ngazi lini?" Sauti yake haikupanda. "Mimi nilidhani wewe ndiye huwezi kushuka. Tangu mwaka wa foleni unatembea kama uliyelizaa hili gari. Nikasema, acha nimbebee kidogo."

Mvua ilipiga bodi. Lori la chai likawapita, dereva akachungulia, na safari hii hakupiga honi.

"Nimechoka, Baba Ishari," Bisomenike alisema. "Nyumba sijaichoka. Nimechoka kupanda."

Muthubanda aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. Alitafuta ndani mwake ile hasira ya muda mfupi uliopita, akakuta haipo. Palikuwa na magoti yanayouma, na mgongo.

"Wewe ulisema siku litakaposhindwa kupanda," alisema mwishoni.

"Nilisema."

"Basi limeshindwa."

Ilimchukua muda kuligeuza kwenye barabara nyembamba, Bisomenike akiwa nje na mwavuli, akimwelekeza: njoo, njoo, simama hapo, una macho au huna. Kisha akaingia, na gari likaanza kushuka kwa uzito wake lenyewe. Kushuka kunaichaji betri. Kobe akazimika. Namba ya kilomita iliyokuwa imefika mbili ikawa tano, kwenye kona ya Buddha ikawa tisa, na kabla hawajafika daraja la kwanza ilikuwa kumi na saba na inazidi kupanda.

"Litazame linavyojisifu," Bisomenike alisema.

"Limemwiga mwenyewe."

Alicheka kidogo, akafuta kioo kwa ncha ya sari. "Na kuku?"

"Chamod atawaleta kesho."

"Alete na tairi."

"Na tairi."

"Washa feni, basi, hatuoni mbele."

Muthubanda akawasha feni.