Dakika Tano za Turbo

Kabura, anayeuza chai na mandazi kando ya gereji ya Mbuvi pale Karatina, anasema yeye ndiye aliyemwona wa kwanza. Anasema ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, mwaka ule wa themanini na nne wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada. Lori la Mzee Kingori lilikuwa limefika kutoka Timau na ngano. Lilisimama likitoa moshi wa bluu, na kutoka ndani ya moshi akashuka Theuri, dereva wa zamani, na koti lake la kijani. Kabura anasema alimwuliza kama atakunywa chai. Akamwekea kikombe, na chai ikapoa.

Kabura huongeza chumvi, lakini siku hiyo hakuongeza. Mshona viatu naye alimwona Theuri, akamsalimia, akaendelea na soli yake.

Theuri alikuwa hajaonekana kwa miaka minne. Kingori alikuwa amewaeleza watu, sokoni na hata kanisani, kwamba dereva wake alishuka njiani akamfuata mwanamke wa Doldol mwenye mbuzi wengi. Watu walicheka kidogo, halafu wakazoea.

Kingori alikuja gereji kwa sababu ya moshi, si kwa sababu ya Theuri.

"Fundi, niangalilie hii turbo," alisema. "Inakunywa oili kama ndama."

Mbuvi alikuwa Mkamba wa Machakos, mtu wa kufanya kazi polepole. Alisema moshi mweusi ni dizeli nyingi na hewa kidogo, mweupe ni maji yameingia kwenye injini, na wa bluu ni oili inaungua, mara nyingi ikipitia kwenye turbo iliyochoka, ile feni inayosukumia injini hewa. Alishika kitambaa cheupe mbele ya bomba la egzosi akatazama doa. Kisha akazima injini, na Theuri akaisha pamoja na moshi. Akafungua paipu ya hewa akaingiza kidole, kikatoka kikavu. Akashika kile chuma kinachozunguka katikati ya turbo, akakitikisa juu na chini. Hakikucheza. Injini ilipowashwa tena turbo ilipiga mluzi vizuri, moshi wa bluu ukatoka, na Theuri akarudi, akasimama karibu na gurudumu la nyuma.

Mbuvi alimkagua yeye pia, kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye gari. Kifua chake kilikuwa kimebonyea. Juu ya koti kulikuwa na alama za tairi, kila jino la tairi likionekana.

"Turbo ni nzima, mzee," alisema, akipangusa mikono. "Moshi ni huyu. Na huyu hakuenda Doldol. Alikanyagwa na hii gari."

Kingori alieleza kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa Timau, kwenye mteremko. Breki ya mkono ilikuwa haishiki, na jiwe waliloweka chini ya gurudumu lilikuwa dogo. Alimwambia Theuri aingie chini atazame moshi unatoka wapi, na yeye akakaa kwenye usukani akikanyaga breki. Mguu ulichoka, lori likateremka. Tena ngano ilikuwa ikingojewa, kwa hiyo akamfukia haraka shambani akaendelea na safari. Mtu mmoja akasema ati breki za lori hilo zilijulikana tangu zamani. Kabura akamwongezea Kingori chai.

Watiri, mke wa Theuri, aliitwa kutoka shambani, akaja na matope miguuni. Kwa miaka minne alikuwa ameitwa mke aliyeachwa. Shemeji zake walikuwa wamemwambia kwamba anayebaki na kahawa ya mume ni mjane, na mjane ni mwenye kaburi. Aliyeachwa hurudi kwao. Walimpa muda mpaka kahawa iliyoko mitini ichumwe yote.

Alhamisi iliyofuata, lori liliporudi na ngano kama kila wiki, Watiri aliwaleta shemeji hao. Walimsalimia ndugu yao kwa kichwa. Mutahi, mkubwa wao, alimzunguka mara mbili, kisha akasema moshi hauzikwi.

Mbuvi alikuwa amemwonya Kingori kwamba lori lililotoka kupanda milima halizimwi ghafla, maana turbo bado inazunguka na oili itaungulia ndani. Liachwe lingurume polepole dakika tano. Kingori alitii, kwa maana alilipenda lori lake. Kwa hiyo kila Alhamisi Theuri alikuwa na dakika tano, na Watiri alikuja mapema akazingojea. Alimweleza kwamba binti yao Murugi sasa yuko darasa la tano na anamshinda kila mtu kwa hesabu, kwamba ng'ombe amezaa, kwamba paa la jikoni linavuja upande ule ule. Theuri alisikiliza akiwa amevua kofia. Sauti hakuwa nayo. Alipoulizwa amelazwa wapi, aliinua mkono akaonyesha ng'ambo ya Mlima, kule Timau. Mashamba ya ngano huko hayana ua, na trekta huyalima kila mwaka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ikafika Alhamisi ambayo kahawa iliyobaki ilikuwa ya kuchumwa siku mbili tu. Watiri hakuenda nyuma ya lori. Theuri alimngojea pale kwenye moshi, kofia mkononi. Watiri alienda mbele, akapanda kidato cha lori, akashika mlango wa dereva kwa mikono miwili.

"Mzee Kingori, Baba Wacera, sikushtaki," alisema. "Wala sitaki kitu chako. Niambie tu ni shamba gani. Nitaenda kuchimba mwenyewe."

Kingori alitazama mbele. Alipangusa kioo kwa mkono wa koti, mahali ambapo kilikuwa safi. Halafu akatoa kichwa dirishani, juu ya kitambaa cha kichwa cha Watiri, akamwambia Mbuvi aangalie maji ya redieta. Mbuvi akaenda kuyaangalia.

"Ni shamba gani, Baba Wacera?" akauliza Watiri.