Rakker Hajaambiwa

Kila siku saa kumi na moja jioni Derk Wissink alitoka makaburini kwa miguu, akapita nyuma ya kanisa, akafungua banda lake na kuitoa baiskeli. Aliyabonyeza magurudumu kwa kidole gumba, la mbele kwanza, kisha la nyuma. Akamfunga mbwa wake Rakker kwenye mkono wa chuma wenye springi uliotokeza upande wa kulia chini ya kiti, akapiga mluzi, wakaondoka. Mbwa alikimbia upande wa nyasi na Derk akaendesha upande wa magari, vilevile alivyofanya alipokuwa hai.

Rakker alikuwa mbwa wa kuchunga, mwenye mistari ya kahawia, na hakuumbiwa kukaa. Mbwa wa namna hiyo usipomkimbiza kila siku anakula mlango. Sitanii, mlango wa banda la Wissink una alama mpaka leo. Kwa hiyo sisi watu wa Achterhoek, huku mpakani na Ujerumani, tulipomwona Derk akipita na baiskeli wiki moja baada ya mazishi, hatukusimama kumkodolea macho. Tulimwinulia kidole cha shahada, ndivyo tunavyosalimiana barabarani, naye akainua chake.

Sababu ilijulikana. Kwetu mtu akifa, kazi yote ni ya jirani wa kwanza. Huyo humchagui. Nyumba ndizo zilizopangiana tangu enzi za mababu, na hata mkikosana miaka na miaka, jirani wa kwanza atabaki yuleyule. Yeye ndiye anayesimamisha saa ya ukutani, ndiye anayezunguka kutoa habari, ndiye anayebeba jeneza upande wa mbele. Tena ndiye anayewaambia wanyama. Anaingia zizini anawaambia ng'ombe, anagonga mizinga anawaambia nyuki: bwana wenu amefariki, mwangalieni mama sasa. Mnyama asipoambiwa, kwake yeye mtu huyo hajafa, hata kama alimwona akikata roho. Na mtu ambaye hajafa ana kazi za kufanya.

Jirani wa kwanza wa akina Wissink alikuwa Berend Lansink, seremala, mwenye gari jeupe la kubebea zana. Berend aliifanya kazi yake vizuri mno. Alisimamisha saa, alivaa suti nyeusi, alilia kaburini kuliko ndugu wa marehemu. Aliwaambia ng'ombe mmoja mmoja, aliwaambia nyuki, alimwambia hata paka, ambaye hakujali. Mbwa peke yake hakumwambia.

"Nimepitiwa, jamani," alisema alipoulizwa. "Nitakwenda kesho."

Kesho yake mvua ilinyesha. Baada ya hapo mgongo ulimuuma.

Derk alikuwa amegongwa na gari mwishoni mwa kiangazi, pale kwenye kona ya shamba la mahindi, wakati mahindi yameshampita mtu kimo. Aliyemgonga hakusimama. Daktari alisema Derk alilala mtaroni muda mrefu akiwa hai, na kama mtu angesimama tu akapiga simu, angepona. Walipompata giza lilikuwa limeingia, na mbwa alikuwa amekaa kando yake. Polisi walikuja, wakanywa kahawa, wakauliza, wakaondoka. Sisi tukasema lazima ni Mjerumani aliyekuwa anapita zake. Wiki hiyohiyo gari la Berend lilikuwa na kioo kipya cha pembeni, upande wa kulia. Kila mtu alikiona, na hakuna aliyefungua mdomo.

Aliyeumia kuliko wote ni Aaltje, mke wa Derk. Yeye aliambiwa kwa utaratibu wake, jikoni kwake, Berend akiwa amevua kofia, kwa hiyo Derk hakuwa tena na ruhusa ya kuingia jikoni. Alirudi kwa ajili ya mbwa tu. Aaltje alisimama dirishani na kisu cha viazi mkononi, mumewe akapita hatua chache kutoka pale, asigeuze hata shingo. Siku za mwanzo aligonga kioo, kisha akaacha. Alikuwa na wivu, na hakuona haya kusema kwamba anamwonea wivu mbwa.

Lakini wivu ulikwisha alipoona jinsi Derk anavyochoka. Alikuwa amekamua ng'ombe tangu utotoni, asubuhi na jioni, Krismasi na Pasaka, na maisha yake yote alikuwa akisema kwamba akifa atalala mpaka kiuno kimuume. Sasa kila siku ilibidi aamke. Koti la mazishi lilianza kuchanika mabegani. Ilipofika Oktoba hakuweza tena kuupanda mlima wa daraja akiwa kwenye kiti. Alishuka, akaikokota baiskeli, na Rakker akamvuta, akibweka kwa furaha. Aaltje aliisikia pumzi yake kutoka jikoni, akaweka viganja masikioni.

Hata mchimba kaburi, mzee Gradus, alikuja kulalamika. Alisimama mlangoni na buti zake za matope.

"Mama Aaltje, nisamehe, lakini mwambie mzee apite pembeni. Nimepanda nyasi pale mara tatu, kila nikipanda anazing'oa akitoka."

"Hanisikii, Gradus."

"Basi mwambie Berend amwambie mbwa! Tumalize hii biashara, mtu wa watu apumzike."

Aaltje alikuwa ameshajaribu mwenyewe. Alipiga magoti kwenye majani makavu bandani akamwambia Rakker kila kitu, kwa sauti ya upole, huku akimshika masikio. Rakker alimlamba kidevu, kisha akaenda kuchukua kamba yake na kuileta. Maneno ya mtu wa nyumbani hayahesabiwi. Alilijua hilo, lakini angefanyaje?

Kwa hiyo siku moja ya Novemba alimsimamisha Berend alipoleta kuni. Maana Berend alileta kuni. Alifyeka ua, aliziba bati la banda, na kila asubuhi, bila kuombwa, alijaza upepo magurudumu ya Derk na kuutia mafuta mnyororo, ili marehemu asipate taabu kukanyaga. Jirani kama yule utamtafuta usimpate.

"Jirani," Aaltje alisema, "mbwa yuko hapa jikoni. Mwambie leo. Ni maneno machache tu."

"Leo nina haraka kidogo..."

"Kahawa iko tayari. Kaa."

Berend akakaa. Aaltje akamimina kahawa, akafungua kopo la biskuti, kila mmoja akachukua moja, akalifunga. Rakker alitoka chini ya meza, akaja mbele ya Berend, na akakaa. Aliketi kabisa, mkia umetulia sakafuni, macho juu.

Berend alisafisha koo. "Rakker," alisema. "Bwana wako..."

Mbwa akasimamisha masikio.

"Bwana wako..." Jasho lilimtoka Berend chini ya pua. Alikunywa kahawa, ikamuunguza, akajaribu tena, na neno lile lile likamkwama tena. Nje mtu alipita na trekta. Aaltje alingoja, mikono mapajani.

"Mtoe nje," Berend alisema mwishowe. "Asiniangalie hivyo."

"Anakusikiliza tu."

"Nilidhani nimegonga tawi, Aaltje." Aliyasema akiiangalia biskuti. "Haki ya Mungu nilidhani tawi. Nikaenda. Ndipo nikamwona huyu kwenye kioo cha ndani, amekaa barabarani. Huyu mbwa hakai, unamjua. Nikajua ni nini."

Jikoni hapakuwa na sauti ya saa, maana haikuwa imewashwa tena tangu siku ile. Aaltje alichukua birika. Alilisogeza karibu na kikombe cha Berend.

"Derk alikuwa anasogea?"

Berend alifunika kikombe chake kwa kiganja. Kwetu maana yake ni kwamba umetosheka, usimiminiwe tena. Alikiacha kiganja pale, akainamisha kichwa, na Aaltje akarudisha birika mahali pake.

Angeweza kwenda polisi. Aliiwaza njia nzima, akajiona akivaa koti, akajiona akifika kaunta. Halafu akawaza mengine. Nyonga yake ilikuwa mbovu, ng'ombe walihitaji mtu, na majira ya baridi yalikuwa mlangoni. Siku yake mwenyewe ikifika, atakayesimamisha saa ni Berend, na atakayebeba mbele ni Berend, kwa sababu nyumba zilipangwa hivyo. Na Berend akifungwa, nani atamwambia mbwa? Alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote, na hakuwa na jirani wa kwanza mwingine.

"Ukiweza kusema, utakuja," alimwambia.

"Nitakuja, jirani."

"Mlango hauna ufunguo."

Alikuja mara nyingi. Alikaa, mbwa akakaa mbele yake, kahawa ikanywewa, na sentensi haikumalizika. Mtaa mzima ulijua sasa, kama ulivyokuwa ukijua zamani. Tuliendelea kumsalimia Berend kwa kidole, na Berend aliendelea kusalimia. Mungu atusamehe, hata gari letu la maziwa la ushirika lilimletea kalenda ya mwaka mpya kama kawaida.

Desemba jioni zikawa fupi, na Derk akawa anatoka gizani. Aaltje alipanda basi mpaka mjini, akanunua taa ya baiskeli, ile kubwa, pamoja na fulana ya njano inayong'aa kwenye mwanga. Fulana aliitundika kwenye msumari bandani. Taa alimpa Berend aifunge, kwa kuwa kazi ya namna hiyo ni ya jirani wa kwanza. Berend aliifunga vizuri, akaikaza kwa spana, akaiwasha na kuizima ili kuhakikisha.

Saa kumi na moja Derk alikuja na udongo kwenye viatu. Aliitazama fulana, akaivaa juu ya koti lililochanika. Akabonyeza magurudumu, akamfunga Rakker, akapiga mluzi, mluzi uliokuwa na hewa nyingi kuliko sauti. Aaltje alizima taa ya jikoni ili aone vizuri. Ile taa ilitoka uani, ikafuata barabara polepole, mbwa akivuta. Rakker alikuwa bado kijana, hajafika miaka minne.

Kwenye kona ya mahindi, ambako sasa palikuwa na visiki vya mabua tu, gari jeupe lilikuwa likitoka upande wa pili. Likasogea pembeni, likapunguza taa, likangoja mpaka baiskeli na mbwa wapite. Siku hizi Berend husimama.