Mfuko wa Turubai

Mfuko wa upepo wa kiwanja chetu cha ndege ulikuwa umening'inia kwenye mlingoti wake kama suruali iliyoanikwa, ncha ikitikisika kidogo tu, nami nikabonyeza redio nikamwambia Tebatso, rubani aliyekuwa angani, kwamba upepo ni mdogo. Hayo ndiyo maneno yangu. Yamo katika daftari langu la kiwanja, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, na hakuna aliyewahi kuniomba daftari hilo.

"Mdogo kweli, Rra Moatlhodi?"

"Mdogo."

"Basi waambie jikoni wabandike chai. Wazee wangu huku nyuma wameshaanza kuiulizia."

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Ndege ilikuwa ya kukodi, na wazee wake walikuwa mke na mume waliokuja kuona tembo. Mimi nilikuwa nimekilinda kiwanja kile cha udongo kwa miaka kumi na mmoja: nafukuza swala kwa gari kabla ndege haijatua, kisha namwambia rubani upepo ulivyo. Siku ile nilikaa ndani ya gari, nyuma ya miti ya mopani, nikitazama mfuko kama nilivyofundishwa.

Alipopinda ili aje usawa wa kiwanja, upepo ambao nilikuwa nimesema ni mdogo ulimsukuma akaupita mstari wa kiwanja. Akakaza kona ili arudi. Bawa la ndani likashuka, pua ikafuata, na ndege ikaingia kwenye matete mita mia nne kabla ya kiwanja. Hakupona mtu.

Mfuko wa kawaida ni wa kitambaa chepesi. Jua la kwetu hukila kwa miezi michache, na nyani humalizia. Nilikuwa nimewaandikia wenye kambi yetu ya watalii mara tatu kuomba mpya. Mara tatu walijibu kwamba ombi linashughulikiwa. Mma Gaone, mshonaji wa mahema yetu, alichoshwa na malalamiko yangu akanishonea mmoja kwa turubai la hema, mshono mara mbili. "Huu utawazika nyani wote," alisema. Kambini kwetu kinachokosekana hushonwa, na kushona vizuri ni sifa. Tuliusifu. Niliupandisha mwenyewe.

Wiki moja baada ya ajali niliazima mfuko halisi kiwanja cha jirani, nikaitundika yote miwili pamoja, nikapima kwa siku tisa. Upepo ukifika kilomita ishirini na nane kwa saa, ule wa kitambaa ulilala sawasawa kama mkono ulionyooshwa. Wa turubai ulikuwa bado haujainua hata nusu yake. Niliandika jedwali.

Taarifa ya uchunguzi ilipotoka, sehemu ya chanzo ilikuwa na mistari minne. Rubani alishindwa kuidhibiti ndege wakati wa kukaribia kutua. Kilichoniudhi ni kwamba kila neno lilikuwa kweli. Nilimpelekea mkaguzi jedwali langu, akalisoma amesimama.

"Rra, rubani ana macho. Angetazama miti."

"Macho yake ya chini yalikuwa mimi."

"Sasa unataka niandike nini? Kwamba ndege imeangushwa na fundi cherehani?"

Barua zangu mbili zilizofuata zilijibiwa kwa sentensi ileile: yaliyomo yamezingatiwa.

Miezi kumi na mmoja baadaye akaja baba yake rubani, ambaye kwetu huitwa Rra Tebatso kwa jina la mwanawe. Mkewe, mama wa marehemu, angevua nguo za msiba mwezi uliofuata, na siku hiyo kaka yake, mjomba wa kijana, ndiye angesimama kueleza kijana alikufaje. Anachosema mjomba ndicho ukoo hubaki nacho. Na mjomba alikuwa na ile mistari minne tu.

Aliniomba nije nieleze niliyoyapima, nami nilikwenda. Mma Gaone aliniruhusu kulitaja jina lake. Yeye mwenyewe hakuweza kuja. Nilisimama uani nikasoma namba zangu, nikasema na neno langu la redioni. Nilichukua robo saa. Walinisikiliza kwa adabu.

Kisha mjomba akainuka, kofia mkononi, akamshukuru mgeni kwa kusafiri mbali. Akasema mpwa wake alikuwa hodari, lakini vijana hawa wana haraka. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Nyama ya kutwangwa ikaletwa.

Rra Tebatso alinishika kwenye kiwiko akanipeleka hadi kwenye kiti cha mjomba.

"Shemeji, hukumsikia mgeni."

"Nimemsikia."

"Hukumsikia." Akanigeukia. "Anza tena, Rra."

Mjomba hakuweka sahani chini. Nikalikunjua jedwali, nikaanza na mwelekeo wa upepo, naye akaendelea kutafuna.