Shuka Ilipepea Upande Mmoja

"Mama Amuria, hiyo dhambi yako ni ya namna gani isiyoisha?"

Awoi jirani yangu aliniuliza hivyo Jumamosi moja ya mwaka 2012, tukitoka kanisani hapa Kakuma. Aliuliza mbele ya wanawake wa jumuiya, mikono kiunoni. "Mimi na huu ulimi wangu naungama mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, na Padre ananimaliza kabla uji haujapoa. Wewe mjane, pombe hunywi, mwanaume huna, kuku wa mtu hujawahi kuiba. Na kila Jumamosi uko kwenye mstari. Unampigia Padre hadithi?"

"Namwungamia za kwako, Awoi," nikamjibu. "Wewe ukiingia unasahau nusu."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani mchanga ulikuwa wa moto na miguu yangu haikuusikia.

Laga ya Tarach, mto wa msimu, inapita hapa kwetu, mji upande mmoja na kambi ya wakimbizi upande wa pili. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Maji yako chini yake, na sisi wanawake tunayachimba. Kisima kikiwa kirefu, aliye ndani haoni kitu ila kipande cha mbingu, kwa hiyo hakuna anayeshuka kabla ya mmoja wetu kubaki juu ukingoni. Huyo wa juu hachimbi wala habebi. Kazi yake ni kuangalia upande wa milima ya Uganda, maana mvua hunyesha huko na hapa jua linawaka, halafu maji yanakuja yenyewe bila wingu. Akiona dalili anavua shuka yake na kuipepea kulia na kushoto, kila mahali penye kisima, hata kama kisima ni cha mtu aliyemtukana mama yake. Hiyo ni sheria tuliyoachiwa na mama zetu, na sijasikia kwamba kuna aliyeivunja kabla yangu.

Mara nyingi wa juu nilikuwa mimi. Marehemu mume wangu, Losike, alizoea kusema kwamba naona mbuzi kabla mbuzi hajajiona.

Mwezi wa nne wa mwaka ule maji kambini yalikuwa machache, wakimbizi wakawa wanashuka lagani. Kulikuwa na msichana mmoja wa Sudan Kusini, Nyawech, miaka kumi na miwili, binti ya Nyadak. Asubuhi ile alikuwa ametutangulia kwenye kisima tulichokichimba siku mbili. Alichota yote akatuachia tope. Nilipomkemea, alinitolea ulimi, akaenda na mtungi wake wa manjano kuchimba kashimo kake upande wa kulia, penye kona.

Saa nane mchana upepo ukageuka. Ulikuja wa baridi kutoka juu, una harufu ya udongo uliolowa, na ndege waliokuwa mchangani wakaruka wote kwa pamoja. Nikajua. Nikavua shuka nikaipepea kushoto, kwa watu wetu. Wakatoka sita, wakivutana mikono.

Kulia sikupepea.

Sikutaka afe. Nilisema moyoni, acha maji yambebee huyu mtungi wake, arudi kwa mama yake amelowa, ajue adabu. Nilidhani yatakuja kama yanavyokuja siku nyingi, kwanza ulimi mwembamba wenye povu na vijiti ambao hata mtoto anauruka. Siku ile hayakuja hivyo. Yalikuja yamesimama. Ndipo nikapiga kelele, nikakimbia, nikaingia mpaka kiunoni. Nilimpata kwenye mizizi ya mgunga. Mtungi alikuwa bado ameushika.

Na watu wakanisifu! Wale sita walisema nimewaokoa. Barazani nilitajwa kwa jina. Kwenye mazishi kule kambini, wanawake wetu waliwaeleza Wasudani jinsi mtu wa juu anavyofanya kazi yake, jinsi shuka inavyozungumza, na jinsi Mama Amuria alivyoingia majini kumfuata mtoto wa wageni. Nilisimama pale nikisikia sifa hizo. Nilitaka mtu mmoja aseme, "Na kulia je?" Hakuna aliyesema.

Mwezi wa tano nikapanda lori la mbuzi mpaka Lodwar, nikaungame kwa padre asiyenijua. Nilimwambia yote, sikupunguza kitu. Akaniuliza maswali mawili, akaniambia nisali rozari siku tisa kwa ajili ya roho ya yule mtoto, akainua mkono akaniondolea. "Mungu amekusamehe," akasema. "Nenda kwa amani." Nikaenda. Hiyo amani nilifika nayo mpaka stendi ya malori tu, kwa sababu hapo palikuwa na msichana amebeba mtungi wa manjano.

Nilisali siku tisa, nikaongeza tisa. Nilifunga. Na Jumamosi iliyofuata nikapanga mstari Kakuma, nikaungama tena jambo lile lile, na iliyofuata tena. Nilisoma mpaka darasa la saba, na katekisimu naijua. Najua kwamba dhambi ikishaondolewa imeondolewa. Kwa Mungu sikuwa na shaka. Shaka yangu ilikuwa juu ya mkono huu. Nikiuinua kufanya ishara ya msalaba, ulianzia upande wa kushoto kwenda kulia, nami nilikuwa nauangalia kama utafika.

Padre wa Kakuma alivumilia karibu mwaka. Mwishowe akaniambia, "Mama, leo sikuondolei kitu, kwa sababu hakuna kitu. Unaniletea sahani safi unataka nioshe. Unamwambia Mungu kwamba mara ya kwanza hakusugua vizuri?"

"Hapana, Padre."

"Basi hii usiilete tena hapa. Umesikia? Ni amri."

Nikatii. Lakini sasa sikuwa na pa kuipeleka.

Mwezi wa kumi mwaka 2013, asubuhi, nilikuwa napepeta mahindi nikasikia mtu mlangoni.

"Ejok, Mama Amuria."

"Ejok noi," nikaitikia, nikainua macho. Alikuwa Nyadak, mrefu, ameinama chini ya mlango, mtoto mchanga mgongoni. Ungo ukaniteleza. Hakuwahi kufika kwangu kabla. Kanisani tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, na mimi nilikuwa nikimwita Nyadak. Mama Nyawech, kama wenzangu walivyomwita, lilikuwa jina lisilopita kooni mwangu.

Nikampa kigoda, nikamimina chai. Alimfungua mtoto akamlaza mapajani. Miezi mitatu, macho makubwa.

"Huyu anaitwa Gatkuoth," akasema. Kiswahili chake ni cha kambini. "Jumapili ingine anabatizwa. Katekista anataka msimamizi. Mimi nimetaja jina yako."

"Jina langu? Kwani huna watu wako huko?"

"Niko nao wengi. Lakini wewe ndio ulitoa dada yake kwa maji."

Aliniangalia tu, akipuliza chai. Nikajiona siku hiyo ya Jumapili, nimesimama kando ya beseni la ubatizo, mkono ule ule umemshika huyu mtoto, na Padre anammwagia maji kichwani. Nilijua naweza kusema ndiyo. Mungu alishamaliza na mimi, Padre alishanikataza hata kulitaja. Ni nani angeumia? Na nikisema hapana bila sababu, ni matusi, na kesho yake Awoi angekuwa ameyatembeza nyumba kwa nyumba.

"Siwezi," nikasema. "Nikikuambia kwa nini, hutataka tena."

"Sema."

Nikasema. Kuhusu kisima na tope, ule ulimi aliotolewa mtu mzima, upepo, ndege. Nikasema niliipepea kushoto, na kulia nikaacha kwa kusudi, nikimtakia alowe. Nyadak hakulia. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ilikuwa nyekundu," akasema. "Na laini nyeusi."

Nilimtazama bila kuelewa. Rangi ya shuka sikuwa nimeitaja. Shuka yenyewe ilikuwa chini kabisa sandukuni tangu siku ile, hakuna aliyeiona tena. Ndipo ikaniingia.

"Ulikuwepo?"

"Ng'ambo, upande ya kambi. Nilikuja kuita Nyawech, ako na kazi nyumbani. Nikaona mama mmoja juu, anapepea nguo huku." Akainua mkono, kushoto kwangu. "Huku hapana. Mimi sikujua hiyo nguo inasema nini. Nilifikiri unafukuza ndege. Nikasimama tu, naangalia, Mama Amuria. Mimi mama yake! Kwa mazishi ndio wenzako walieleza watu hiyo maneno ya shuka. Ndio nikajua."

"Tangu mazishi? Mwaka mmoja na nusu? Na hukwenda kwa chifu, hukwenda polisi?"

"Nilingoja wewe."

Alimgeuza mtoto mapajani.

"Kila Jumamosi natoka soko napita hapo kanisa, naona wewe kwa mstari. Nasema, leo akitoka atakuja. Unatoka, unaenda kwako. Jumamosi ingine tena. Kwa Padre njia unajua. Kwangu hujui?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Padre ndio alizaa Nyawech?"

Nikateleza kutoka kwenye kigoda nikapiga magoti.

"Simama," akasema. "Mimi si Padre. Sikiza. Huyu mtoto nilisema nitampatia wewe umshike. Ukikubali na mdomo imefunga, siku ya ubatizo, wakati Padre anainua maji, mimi nitasema mbele ya watu wote. Nimepanga hiyo maneno tangu iko kwa tumbo. Nimepanga mpaka nguo nitavaa."

Nje, Awoi alikuwa anaimba akitwanga, karibu kabisa, ukuta wa makuti tu kati yetu. Nilimwangalia yule mtoto. Alikuwa ameshika kidole cha mama yake.

"Mama Nyawech," nikasema. Lilikuwa zito, lakini lilitoka. "Mama Nyawech."

Alifumba macho. Nilipodhani sasa ataniadhibu kwa mkono wake, aliuliza, "Hiyo shuka iko wapi?"

Nikafungua sanduku nikaitoa. Alama ya tope ilikuwa bado pindoni. Aliishika, akaisugua kati ya vidole kama mtu anayechagua kitambaa sokoni. Halafu akanirudishia.

"Upepo ya leo inatoka wapi?"

Nilikwenda mlangoni nikaangalia. Sikuharakisha. Niliangalia milima, niliangalia ndege, niliinua vumbi nikaliacha lianguke.

"Wa ziwani, si wa milimani," nikasema. "Milima iko wazi."

Nyadak akasimama. Alinilazia mtoto mikononi, juu ya ile shuka. Kisha akachukua mtungi wangu uliokuwa nyuma ya mlango, akainama, akatoka akaelekea lagani, akiniachia mimi milima niiangalie.