Gari Halikuzuiwa

Gari lililobeba jeneza lilinguruma mbele ya nyumba ya Ipagala kwa dakika tano nzima, na dereva hakuliondoa. Alikuwa akingoja kuzuiwa. Waombolezaji nao walingoja, macho yote kwa Sila Chiduo, Mgogo wa Mvumi, mtani aliyezoeleka kuliko wote katika nyumba ile ya Wahehe.

Kazi yake ilijulikana. Alipaswa ajilaze mbele ya magurudumu, apige kelele kwamba bibi huyu haendi kuzikwa Iringa mpaka wanawe watoe kuku, aige mwendo wa marehemu, awachekeshe watu katikati ya machozi. Badala yake alisimama wima ndani ya koti jeusi, mikono nyuma, kama mtu anayepigiwa wimbo wa taifa. Gari likaondoka. Kupitia kioo, mtoto wa marehemu, Leonard Kikoti, ambaye kazini ni mkurugenzi wa Sila, alimtazama mpaka kona ilipomficha.

Kwa miaka tisa Kikoti alikuwa akiingia masjala kwa kishindo. "Mbukwa!" alisalimu Kigogo. "Mvua mmeshaiomba, Wagogo, au tuwaletee ya Iringa kwenye ndoo?"

"Kamwene!" Sila alijibu salamu kwa Kihehe kutoka nyuma ya majalada. "Jamani, fungieni mbwa ndani. Mhehe kaamka na njaa!"

Kisha nafasi ya mkuu wa masjala ikatangazwa. Mara mbili Sila alikwisha kurukwa na watu aliowafundisha yeye mwenyewe mahali pa kutafuta jalada. Shamimu, mwenzake wa meza ya pili, akamvuta pembeni.

"Kaka, nani anampa cheo mtu wa kumchekesha? Vaa koti. Wahi. Funga mdomo."

Sila alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilichoka kukalia kiti cha plastiki. Akatii. Akaanza kufika kabla walinzi hawajabadilishana zamu. Akaanza kumwamkia bosi shikamoo. Siku ya kwanza Kikoti aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba yuko mzee mwingine aliyesimama pale.

Wiki mbili baada ya mazishi, Sila aliitwa. Usiku kucha alikuwa amejigeuza kitandani kama chapati.

"Shikamoo, mkurugenzi."

"Marahaba, ndugu Chiduo." Hakunyanyua uso. "Fomu za cheo zinatakiwa utawala kabla ya saa sita. Nimeandika kwamba wewe ni mtulivu, mwenye heshima, huna mzaha. Imebaki sahihi yangu."

Miezi mitatu aliyatamani maneno hayo. Sasa yalimfikia kama wasifu wa marehemu unaosomwa kando ya kaburi.

"Mzee, siku ile pale Ipagala..."

"Mama aliniuliza kila Jumapili: yule Mgogo wako atanizuia kwa kuku wangapi? Nikamwambia, yule haridhiki chini ya watatu." Kikoti akafunika kalamu. "Nilikuwa nao garini, Sila. Watatu. Walisafiri mpaka Iringa wamefungwa miguu, na hakuna aliyewadai."

Akatazama saa, akaitia fomu kwenye mkoba bila kuisaini, akasimama. "Nitasaini huko huko. Nachelewa."

Sila alimtangulia mlangoni. Hakujua mwili ulimtuma nini mpaka alipojiona amevua koti, amelitandika kizingitini, amelala juu yake chali, kichwa ndani ya ofisi na visigino ukumbini.

"Nipishe."

"Kamwene! Hapiti mtu hapa!" Sauti ilimpasuka. "Bibi kaondoka na haki yangu. Nataka kuku wangu watatu, na wa nne wa kunifuta vumbi!"

Milango ya ukumbi ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Shamimu alikuja mbio, akaona, akajifunika mdomo kwa jalada. "Kaka Sila, inuka! Umerogwa?"

Hakuinuka. Akamwiga marehemu alivyokohoa akiwa kanisani, kikohozi kile kirefu cha kumkatisha mchungaji. Mtu mmoja akaguna. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Saa ya ukutani ilionyesha tano na nusu. Kikoti alisimama akimwinamia Sila, mkoba kwapani, ncha ya fomu ikichungulia. Midomo ilimtetemeka. Kutoka pale chini Sila hakuweza kujua kama ni kilio kinachokuja au ni kitu kingine.

Akazidi kunyoosha miguu.