Kumi ya Mwalimu Kiprono

Tangu lini mtu akaenda kuposa akaulizwa fizikia? Chrispinus alijiuliza hivyo njia nzima kutoka Lurambi hadi Lugari. Wenzake walikuwa wakiulizwa mambo ya kawaida: wewe ni wa ukoo gani, unasali wapi, mmekuja na ng'ombe wangapi. Yeye angeulizwa mambo ya nguvu na uzito, tena na mtu yuleyule aliyekuwa akimpa alama ya D kidato cha tatu bila kupepesa jicho.

Maana baba yake Chebet, jamani, alikuwa Mwalimu Kiprono mwenyewe. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, akarudi Lugari kulima mahindi, lakini chaki ilibaki mfukoni. Alipoambiwa kwamba binti yake amepata mchumba, na mchumba huyo ni Chrispinus Were, alisema: "Huyo namjua. Alikuwa anakariri. Mtu wa kukariri atakariri hata ndoa. Siku maisha yakibadilisha swali, atabaki ametoa macho. Aje nimuulize swali moja. Akishindwa, asirudi."

Chebet hakubishana naye. Alimpenda Chrispinus, ndiyo, lakini alishasema wazi kwamba haolewi bila baraka ya mzee. "Kwa hivyo utasoma," akamwambia Chrispinus. Basi jioni, Chrispinus akitoka ofisi za kaunti na Chebet akitoka zamu hospitalini, walikutana kwenye kibanda cha chai mjini Kakamega. Wapenzi wengine walishikana mikono. Hawa wawili nusura washikane mashati kwa sababu ya mwendo na nguvu. "Nini kinabadilika hapa? Nini hakibadiliki?" Chebet alimsumbua. "Tafuta kwanza kile kisichobadilika, ukishikilie. Hayo mengine yatakuja yenyewe." Na kidogo kidogo, haki ya Mungu, kichwa kikafunguka. Chrispinus aliona hata aibu, kwamba mambo yalikuwa rahisi hivyo na yeye akayakimbia miaka yote hiyo.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna aliyelifikiria, nalo lilikuwa Baba Protus.

Baba Protus alikuwa baba mdogo wa Chrispinus. Ndiye aliyemchukua Chrispinus baba yake mzazi alipofariki, akamlea na watoto wake, akamgawia kila kitu sawa nao, viboko pia. Kazi yake ilikuwa udalali wa ng'ombe katika soko la Lubao, na mdomo wake ulijulikana mpaka Shianda. Ukimwambia leo ni Jumatano, atakuuliza kama huwezi kumpunguzia ikawa Jumanne. Na desturi ni desturi: kijana anayeposa hafungui mdomo. Ana msemaji, na neno la msemaji ndilo neno la ukoo. Kazi ya kijana ni kuinamisha kichwa na kula polepole asionekane mlafi.

Msemaji alikuwa Baba Protus.

Walikaribishwa vizuri, wao na wazee wa ukoo waliofuatana nao. Wakasalimiana, wakaombewa, wakasifu mahindi ya shambani hadi sifa zikaisha. Ndipo Mwalimu Kiprono alipoinuka, akavuta ubao mdogo uliokuwa nyuma ya kochi, akatoa chaki mfukoni. Chrispinus alihisi kama amevaa tena kaptura ya shule.

"Kabla hatujafika kwa ng'ombe," Mwalimu alisema huku akichora, "nina swali. Hili ni gunia la mahindi, kilo tisini. Linaning'inia kwa kamba iliyopita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupandishia mizigo ghalani. Gunia limetulia tuli. Uvutano wa dunia, ambao sisi tunauita g, ni kumi. Kamba inavutwa kwa nguvu gani?"

Mia tisa! Jibu lilimrukia Chrispinus kichwani kabla swali halijaisha. Lakini Baba Protus alikuwa ameshakohoa kikohozi chake cha sokoni. Katika maneno yote yale alikuwa amesikia neno moja tu.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "hiyo kumi iko juu."

"Iko juu ya nini?"

"Iko juu tu. Sisi ni watu wa kawaida. Tufanye sita."

"Mzee, hii haipunguzwi. Hii ni konstanti. Ni ileile kwangu na kwako, leo na kesho."

"Hata Lubao watu wanasemanga hivyo, bei haishuki, bei ni moja. Na bado tunapatananga. Basi saba, tusikosane."

Hapo shangazi Jepkemboi, aliyeketi upande wa binti, akadhani kweli kuna kitu kinapatanwa. Akaruka: "Saba ni matusi! Huyu msichana amesoma!"

"Nane, mama, usikasirike. Nane na shukrani."

Mwalimu Kiprono alikuwa na ugonjwa mmoja: alishindwa kusema uongo kuhusu fizikia. Alijikuna kidevu, akasema kwa shida, "Kusema kweli kabisa, ni tisa nukta nane. Kumi ni ya kurahisisha hesabu."

"Mmeona?" Baba Protus akawageukia wazee wake, uso umemkunjuka. "Ameanza kushuka!"

Wazee wakampigia makofi. Jikoni mtu aliangua kicheko, na Chrispinus alikitambua kicheko hicho. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, kochi na kila kitu.

Mwalimu hakucheka. "Tisini mara kumi ni mia tisa," alisema, akaandika. "Nyutoni mia tisa. Hiyo nimewapa bure. Swali lenyewe ni hili. Sasa gunia linavutwa lipande juu. Liko njiani, linapanda kwa mwendo uleule, hauongezeki wala haupungui. Kamba inavutwa kwa nguvu gani sasa? Ni mia tisa ileile, ni zaidi, au ni chini ya hapo?"

Swali hili lilimwangusha Chrispinus kidato cha tatu! Na leo alilijua, alilijua kutoka mifupani. Alimgusa mzee wake begani, lakini nani amewahi kumzuia Baba Protus?

"Zaidi!" mzee alisema. "Swali gani hilo, Mwalimu? Kushikilia mzigo na kuupandisha ni sawa? Hata mtoto anajua. Ni zaidi, tena zaidi sana."

Mwalimu aliweka chaki mezani taratibu. "Hilo ndilo neno lenu?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa ulimi wa ukoo mzima ulikuwa umejikwaa. Chrispinus angefanya nini? Akinyamaza, Chebet amekwenda. Akisimama aseme mzee amekosa, atakuwa amemvua nguo mbele ya wakwe mtu aliyemlea, na hiyo haifutiki hata kwa fahali wawili. Kisha akakumbuka kwamba hakuna mapatano yasiyo na kutoka nje.

"Baba," alinong'ona, "naomba tukashauriane kidogo."

Hilo liliruhusiwa. Wakatoka wawili, wakasimama kando ya ghala, karibu na tangi la maji.

"Umenitoa kwa nini?" Baba Protus alifoka kwa sauti ya chini. "Nimeshasema. Neno la dalali halirudi nyuma."

"Sijasema lirudi, Baba. Nisaidie tu kushika hii ndoo."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. Lakini ndoo ilikuwa imejaa maji na kijana alikuwa na macho ya kuomba, kwa hivyo akaishika.

"Ishike tu, isitembee. Unasikia uzito wake?"

"Nasikia. Nimekuja hapa kula ingokho, kuku wa heshima, sio kuchota maji."

"Sasa ipandishe polepole. Mwendo mmoja tu, usiharakishe."

Baba Protus akaipandisha. Maji yakamwagikia viatu alivyovipaka rangi asubuhi. "Imenivuta," alisema kwa ushindi. "Si nilisema ni zaidi?"

"Imekuvuta mwanzo, Baba, ilipokuwa inatoka kwenye kutulia. Lakini pale katikati, ikishakubali kupanda? Sikiliza pale katikati."

Mzee akarudia. Akarudia tena, na safari hii alikunja uso, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Akaishusha ndoo, akaipandisha tena bila kuambiwa.

"Ebu ngoja," alisema. "Katikati ni kama nimeishika tu. Chrispi, mbona iko hivi?"

"Kwa sababu hapo mwendo haubadiliki. Ile nguvu ya ziada unatoa ukitaka kuubadilisha. Mwendo ukishakuwa mmoja, mkono unabeba uzito peke yake."

Baba Protus aliiweka ndoo chini. Ule uso wa sokoni ukamtoka wote, akabaki mzee mwenye viatu vilivyolowa. "Basi nimekosa," alisema. "Nimekuharibia, mwanangu."

Chrispinus alimpenda mtu huyu kuliko alivyowahi kumwambia. Angeweza kusema, Baba, niachie mimi sasa, niingie nijibu. Mzee angekubali, na Mwalimu angeona, na Chebet angesikia kutoka jikoni. Kwa kweli alitamani sana. Wiki zote zile za kusoma! Akaimeza tamaa hiyo, ikashuka kwa uchungu.

"Hujaniharibia kitu," alisema. "Wewe ndiye msemaji wangu. Ingia useme ulivyosikia mkononi."

Walipoingia, Baba Protus hakuketi. Alishika mkanda wake, akasafisha koo.

"Mwalimu, ile zaidi niliyosema ilikuwa bei ya kufungulia."

Watu wakacheka, na yeye akaacha wacheke. "Sasa nasema neno la kufungia. Ni mia tisa ileile. Gunia likiwa limekaa, ukitaka lianze kutembea, litakulemea, kwa sababu unalilazimisha. Lakini likishakubali mwendo, na mwendo ukawa mmoja, halikudai kitu tena. Unabeba uzito wake, basi."

Mwalimu Kiprono alikunja mikono kifuani. Macho yake yalikwenda kwa Chrispinus, yakarudi kwa mzee. "Mmeenda nje, mmeambizana jibu," alisema. "Hata kasuku angeweza. Nijibu hili. Gunia limekaribia juu, linaanza kupunguza mwendo ili lisimame. Kamba inakuwaje?"

Hilo hawakulifikia! Hawakuligusa hata kidogo, na sasa hapakuwa na kutoka nje tena, wala kunong'ona. Chrispinus aliinamisha kichwa akaomba Mungu kimoyomoyo.

Baba Protus alinyoosha mkono mtupu mbele yake, akakunja ngumi kama ameshika ndoo, akafumba macho. Ngumi ikapanda polepole, na ilipofika usawa wa bega ikaanza kusita. Akaishusha, akaipandisha tena. Shangazi Jepkemboi alikuwa ameachia mdomo wazi.

"Hapo," mzee alisema, macho bado yamefumbwa, "hapo inakuwa nyepesi kidogo. Inashuka chini ya mia tisa. Maana gunia bado linataka kupanda, ni mkono ndio unaliachia. Si ndiyo?"

Mwalimu alivuta kiti chake karibu. "Nani amekwambia hilo?"

"Hakuna. Nimesikia tu."

"Chrispinus, wewe hukumwambia?"

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kijana kuulizwa jambo moja kwa moja. "La, Mwalimu. Hatukufika hapo."

Mwalimu Kiprono alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na vumbi. "Hilo swali nimelifundisha mpaka nikazeeka," alisema. "Watoto walikuwa wanaliandika, wanapita mtihani, wanasahau. Na wewe umemtoa mzee wako nje akiwa amekosa, amerudi akijua, tena amerudi kichwa kikiwa juu. Mimi, nikiwa na chaki mkononi, sijui ni watoto wangapi nimewarudisha nyumbani vichwa chini. Hata wewe nilikufanyia hivyo. Nilitaka kujua kama umejifunza fizikia, na hilo nimeliona. Lakini usiku nilikuwa sipati usingizi kwa jambo lingine. Nilikuwa najiuliza, binti yangu akikosa siku moja nyumbani kwa huyu kijana, atasahihishwa namna gani?"

Akageuka kuelekea jikoni, akaita kwa Kikalenjin, kwa sauti kubwa ya darasani. Chebet akaingia na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuchacha wanayompa mtu waliyemkubali. Wazee wakaanza kushangilia kila mmoja kwa lugha yake. Chebet alimmiminia Baba Protus kwanza, kwa kuwa ndiye msemaji, na Baba Protus akapokea kwa mikono miwili bila kubishana na mtu.

Kisha Chebet akaja mbele ya Chrispinus, akapiga magoti, akamimina. "Kunywa," alimnong'oneza. Chrispinus alikuwa ameinamisha kichwa kama desturi inavyotaka, machozi yakimdondokea magotini, na hakujali ni nani anayeona.