Q ya Mkono wa Kushoto

Mume wangu Mulama aliandika nusu ya mitaa ya Eastlands. Sisemi aliijenga, nasema aliiandika. Buchari za Kiamaiko, vinyozi wa Kayole, fundi wa viatu, kanisa letu, na hata choo cha kanisa letu, WANAUME huku na WANAWAKE kule, kwa herufi nzuri hivi kwamba watu walisimama kuzisoma wakasahau walichoendea.

Halafu mwaka wa tisini na tano akapata kiharusi. Siku hiyo alikuwa kwenye ngazi, lakini Mungu alikuwa na adabu, akamngoja ashuke kwanza. Mguu ulirudi. Ulimi ukarudi, na mimi nikashukuru, ingawa si kila siku. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Ulikaa mapajani kama mgeni anayengoja chai.

Mulama akachukua kiti chake akakigeuza, akawa anatazama ukuta. Dirisha letu la ghorofa ya tatu linaangalia barabara, na barabara nzima ni vibao vyake. Hakutaka kuviona. Miezi saba mzee ametazama ukuta. Nilimwambia, "Baba Luseno, ukuta huo ukizaa, nitajua ni wa nani." Zamani angecheka. Hakucheka.

Ndipo Everline akachumbiwa. Everline ni mjukuu wetu, mtoto wa mwanetu Luseno, tumemlea tangu aachishwe ziwa. Alipokuwa darasa la kwanza babu yake alimwahidi kwamba kadi za harusi yake ataziandika yeye, kwa mkono, moja baada ya nyingine. Sasa mchumba amekuja, kijana mpole anaitwa Nyamai, tarehe imewekwa, na babu anasema haendi.

"Niende kufanya nini? Kadi sikuandika. Mtu hawezi kula harusi ya ahadi aliyoivunja."

Everline alilia jikoni, nikamwambia anyamaze, vitunguu vinatosha. Zilikuwa zimebaki wiki sita, na kazi yangu ilikuwa moja: kumtoa mzee ukutani.

Mulama alikuwa na daftari. Daftari la mirabaraba, lile la hesabu la watoto wa shule. Kila herufi aliyowahi kuipaka rangi aliichora humo kwanza, ukurasa mmoja herufi moja, akihesabu miraba kwa ncha ya penseli. Nililitoa sandukuni, nikalipitia polepole nikiwa peke yangu, nikafanya nilichofanya, kisha nikalitia kikapuni chini ya sukuma wiki, pamoja na karatasi ya maneno ya kadi, nikaenda kwa Mbeti.

Mbeti ni binti wa Kikamba mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi pale Spine Road. Alikuwa amenunua kompyuta, nayo aliifunika kitambaa cha kufuma kila jioni, kama redio ya mama mkwe.

"Shosho, umeniletea mboga?" Ndivyo huniita, kama bibi yake.

"Nimekuletea mume wangu. Yuko chini ya mboga."

Akafungua daftari, akaifuata A kwa kidole. Kibao cha duka lake pia ni kazi ya Mulama. Akanieleza kwamba ana mashine ya kupiga picha karatasi na kuiingiza kwenye kompyuta, na programu ya kuchora. Ataifuata kila herufi pembezoni mwake, kisha azikusanye zote ziwe fonti.

"Fonti ni mnyama gani?"

"Ni ukoo wa herufi, Shosho. Zote za damu moja. Nikimaliza, nikibonyeza A inatoka A ya mzee."

"Hata kama mkono wake haufanyi kazi?"

"Hata hivyo."

Nilitazama nje kidogo. Spine Road ina vumbi sana.

Mbeti akapekua kurasa hadi mwisho, akarudi nyuma, akapekua tena. "Hakuna Q."

"Mzee ameandika NYAMA na CHAI HAPA miaka arobaini. Q ya kazi gani?"

"Lakini kadi inasema majibu yapelekwe kwa Mama Qamar."

Hilo lilikuwa kweli. Everline alitaka majibu yapelekwe kwa mke wa pasta, lakini mimi nilisimama imara kwa Qamar. Ni rafiki yangu wa miaka thelathini, anauza nyama ya mbuzi Kiamaiko, buchari yake ina simu, na hasahau jina la mtu wala la mbuzi. Nani angebishana nami?

"Fanya zilizopo," nikamwambia Mbeti. "Hiyo moja itajileta."

Kazi ilimchukua siku tisa. Kisha tukaenda Industrial Area, upande wa Mukuru kwa Reuben, kwa Opicho mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Mbeti alibeba disketi mbili ndani ya Biblia zisije zikapindika. Opicho akaichomeka moja kwenye kompyuta yake, ambayo ni ya ukoo mwingine kabisa, na programu yake si ya kuchora, ni ya kupanga kurasa. Kadi ikatokea.

Zilikuwa herufi nyembamba, kavu, za barua ya kukufukuza nyumba.

"Huyu si Mulama," nikasema.

"Ni fonti ya mashine yangu, mama," akasema Opicho. "Ikikutana na fonti isiyoijua, inaweka yake mahali pake."

"Yaani mume wangu hayupo, inanipa mwanamume mwingine?"

"Ni kama hivyo."

"Bila kuniuliza?"

Opicho akaangalia dari. Mbeti alikuwa anacheka ndani ya kanga.

Akatueleza kwamba fonti ya upande wa Mbeti lazima igeuzwe kwanza ndipo upande wake uielewe. Nikamwambia hata mimi na wakwe zangu tulianza vivyo hivyo, ila hatukupata programu. Yeye alikuwa nayo. Akachomeka disketi ya pili, yenye fonti, mashine ikakoroma, tukangoja kama watu wanaongoja maji ya mfereji. Akafungua kadi upya.

Hapo nilimwona. M yake yenye miguu iliyoachana kama mtu aliyesimama imara barabarani. S yake yenye tumbo. E yake ya Everline. Nilimshika Mbeti mkono nikaubana mpaka akaguta.

Lakini safari ilikuwa imewaumiza. Herufi zilikuwa zimesongamana, nyingine zimekanyagana, kwa sababu vipimo vya nafasi kati yake vilipotea njiani. Na mahali pa jina la rafiki yangu palikuwa na neno Mama, halafu kijisanduku kitupu, halafu amar.

"Usijali, Shosho," Mbeti akasema. "Nafasi nitazirekebisha. Na Q nitachukua O ya mzee niipachike mkia. Dakika mbili."

"Mbeti, ukigusa O ya mume wangu nitakuroga, na mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nichapie hiyo karatasi vile vile ilivyo mbaya."

Nyumbani nilichukua uji kidogo wa chini ya sufuria, nikaipaka karatasi nyuma, nikaibandika ukutani mbele ya uso wake. Si ndiko alikokuwa akitazama? Kisha nikaketi kuchagua maharagwe.

Nilichagua maharagwe yale mpaka mazuri nikayatupa na mawe.

"Mama Luseno."

"Naam, Baba Luseno."

"Nani ameandika hii?"

"Wewe."

Nikamweleza habari za daftari, na Mbeti, na mashine mbili zisizosikilizana. Hakunigeukia.

"Umeniiba."

"Nimekuazima. Nilikuwa nakurudisha."

Nikaona mgongo wake unatetemeka, nikaogopa. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili niliogopa kwa kweli, nikafikiri nimechukua kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Kisha akasema:

"Mbona wamezibananisha hivi? Hizi ni herufi ama ni mbuzi wa Kiamaiko kwenye lori?"

Maharagwe yalinimwagika.

"Mwambie Mbeti mwenyewe," nikasema. "Mimi ni wa kwaya."

Jumapili baada ya ibada Mbeti alikuja na kalamu. Mulama alitumia njiti ya kiberiti, vile alivyokuwa akipima vibao maisha yake yote, akiishika kwa mkono wa kushoto na kuilaza kati ya herufi na herufi.

"Angalia. L na A wanapendana, wasogeze. M na I wagomvi, waachie njia. Huwezi kuwapa wote umbali mmoja. Umewahi kuona familia inakaa hivyo?"

Mbeti akaandika kila kitu, akisema, "Ndiyo, mzee," kama mtoto wa shule. Chai ilipoa. Mzee alifika mstari wa mwisho, akaweka njiti juu ya kile kijisanduku.

"Na shimo hili?"

"Q haikuwa kwenye daftari," nikasema.

Akanitazama. Alinitazama kwa muda wa kuchemsha yai.

"Haikuwa?"

"Haikuwa. Lakini usijisumbue. Mbeti anasema atachukua O yako aipachike mkia."

"Mkia?" Sauti yake ilijaa chumba. "Q si O yenye mkia! Q inakalia mkia wake, uzito uko huku chini, unaona, unaanza hapa juu, halafu..."

Aliinua mkono wa kulia kuonyesha. Mkono haukuja.

Sote watatu tuliutazama pale mapajani. Ujanja wangu ulinichoma kama mafuta ya moto, na ningalimwambia Mbeti aipachike tu ile O mkia twende zetu. Lakini Mulama alikuwa akiitazama njiti, iliyokuwa bado kwenye mkono wa kushoto.

"Nipe brashi," akasema.

Q ya kwanza ilikuwa kama mpira uliokanyagwa na lori. Ya pili ilikuwa yai. Niliuma midomo. Alijaza gazeti zima, akaomba lingine. Siku ya pili alisema hapo ukutani hapana mwanga, akakikokota kiti mwenyewe mpaka dirishani. Sikumsaidia. Niliingia jikoni nikamshika Everline mdomo asipige kelele.

Siku ya nne aliweka brashi chini. "Hii."

Ilikuwa imeinama kidogo, na mkia wake ulitetemeka kama mwanambuzi anayesimama mara ya kwanza. Mbeti aliichukua kwa mikono miwili. Akaiingiza kwenye ukoo pamoja na vipimo vya njiti, fonti ikageuzwa tena, na safari hii Opicho alipofungua kadi yake, kila mtu alikuwa amesimama mahali pake anapumua. Kadi mia moja na hamsini.

Mulama alizigawa mwenyewe, mguu ukiburuta, kutoka ngazi hadi ngazi. Qamar aliishika yake mbali na macho, kisha karibu.

"Mzee Mulama, mbona Q yangu imelewa?"

"Imezaliwa juzi, Mama. Ipe nafasi."

Aliibandika juu ya simu ya buchari, na nadhani ingali pale, imepata mafuta.

Siku ya harusi mzee alivaa suti ya kahawia, mimi nikamfunga tai, akalalamika nimeikaza, nikajua amepona. Alimsindikiza Everline mpaka mbele, mkono wa mtoto ukiwa kwenye mkono wake wa kushoto. Baadaye tulipoketi kula, akainama kwangu.

"Kageha."

Jina hilo huliita mara mbili tu: akinipenda na akinikamata.

"Kibao cha kwanza cha Qamar nilikiandika mwaka wa sabini na tisa. Kabla ya rangi, niliichora Q kwenye daftari. Ukurasa mzima."

Nilijishughulisha na mfupa. "Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika siku ile ile. Uko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Upande gani?"

"Wako."

Alicheka mpaka pasta akageuka, mpaka Nyamai akadhani mzee amekwamwa na nyama akaja na maji. Kisha, kwa ule mkono wa kushoto, akachagua kipande kizuri kwenye sahani yake, cha ubavu, chenye mafuta, akakiweka kwenye yangu. Kilianguka pembeni kidogo.

Ukurasa ule bado uko pale. Kila nikitandika nataka kuurudisha daftarini, na kila mara ananikataza. Anasema unamnyoosha mgongo.